Damu ya Msikitini na Damu ya Kanisani ni Damu Moja

(Maneno yaliyosemwa mbele ya wachimbaji wa dhahabu na wakaaji wa Mabalako, pamoja na wageni kutoka Beni na Butembo)

Ndugu wachimbaji, wazee wetu, mama zetu wa soko, na ninyi vijana wa pikipiki mliosimama kule nyuma,

Twawashukuru kwa kuacha kazi zenu mkaja kutusikiliza. Twajua kwamba siku ya mchimbaji ikipotea, chungu cha jioni hakipandi motoni. Kwa hiyo hatutazunguka. Tumekuja kusema neno moja tu, nalo ni hili: mtu akiua ndani ya nyumba ya Mungu, adui yetu ni yule aliyeua, wala si jirani yetu anayesali kwa namna nyingine.

Sisi tunaosema hapa ni Wakristo, Wakatoliki kwa Waprotestanti. Twasema kwanza na Wakristo wenzetu, kwa sababu katika nchi hii ya Beni na Butembo sisi ndio wengi, na ndugu zetu Waislamu ni wachache. Walio wengi ndio wanaopaswa kuizuia mikono yao kwanza. Mchache akikasirika, atapiga kelele. Wengi wakikasirika, mtu hufa.

Tuanze na mambo yalivyotokea, maana wengi wameyasahau, na kusahau huko kunatuponza.

Mwaka wa 2021, tarehe 1 Mei, siku ya Jumamosi, katika mwezi wa Ramadhani, Sheikh Ali Amini alipigwa risasi akafa ndani ya msikiti wa Beni, wakati wa sala ya usiku. Alikuwa kiongozi wa Waislamu wa mji ule. Alikuwa mtu aliyesema wazi kuwapinga wanaoua watu na kuwatia vijana sumu kwa jina la dini. Kabla mwezi ule haujaisha, sheikh mwingine aliuawa kwa risasi huko Mavivi, karibu na uwanja wa ndege. Tena, siku ya Jumapili, tarehe 27 Juni mwaka ule ule, asubuhi mapema, bomu lilipasuka katika kanisa Katoliki la Emmanuel Butsili, Beni. Siku ile watoto walikuwa wapokee kipaimara. Mama wawili waliumia. Kama bomu lingechelewa saa moja, watoto wangekuwa wamejaa mle ndani. Na jioni ya siku ile ile, mtu mmoja alijilipua kwa bomu katika mji huo huo. Zilikuwa zimebaki siku tatu tu tufike tarehe 30 Juni, sikukuu ya uhuru wetu.

Sasa, ndugu zetu, hesabuni vizuri. Katika miezi ile miwili, ni nani aliyeuawa kwanza ndani ya nyumba ya sala katika mji wa Beni? Ni sheikh. Ni damu ya nani iliyomwagika kwanza penye mkeka wa kusalia, kabla ya bomu kufika penye altare? Ni damu ya Mwislamu. Aliuawa kwa kuwa alifanya kazi ambayo sisi Wakristo twasema kila siku kwamba Waislamu hawaifanyi, yaani kuwakataa wauaji mbele ya watu wote. Aliifanya kazi hiyo, akailipia kwa uhai wake. Na wengi wetu hatujui hata jina lake.

Lakini baada ya bomu la Butsili, na baada ya kila msiba uliofuata, neno moja dogo limekuwa likipita midomoni mwetu. Neno lenyewe ni "wao." Ni wao waliofanya. Tusinunue kwao. Tuwaangalie wao. Hatusemi haya ili kumshitaki mtu hapa, maana hata sisi tumelitamka neno hilo tulipokuwa na uchungu. Twalisema ili tulitazame pamoja, kama mchimbaji anavyotazama jiwe mkononi kabla ya kuamini kwamba ni dhahabu.

Wako wanaotujibu kwa methali: samaki mmoja akioza, wote huoza. Methali hii ni ya kweli kwa samaki wa Kyavinyonge waliofungwa katika kapu moja wakapandishwa gari kuja Butembo. Lakini mwanadamu si samaki. Kama mwanadamu angekuwa samaki, basi nasi Wakristo tumeoza zamani. Kumbukeni Krismasi ya mwaka 2008, kule kaskazini, katika Uele ya Juu. Watu wa Joseph Kony, wanaojiita Jeshi la Bwana, na ambao mkubwa wao alisema anataka kutawala kwa Amri Kumi za Mungu, waliingia Faradje, Doruma na Duru. Waliwaua wanaume, wanawake na watoto kwa mamia, wengine wakiwa katika sherehe ya kuzaliwa kwa Yesu. Walitaja jina la Bwana wetu. Je, ni Mwislamu gani wa Beni aliyekuja mlangoni kwako kukudai ujibu kwa ajili ya Kony? Ni mchuuzi gani wa Kiislamu aliyekataa kukuuzia sukari kwa kuwa jeshi lile lilibeba jina la Bwana? Hakuna. Walijua kwamba Kony ni Kony na wewe ni wewe. Basi kipimo walichotupimia, nasi tuwapimie hicho hicho.

Twajua kwamba mtu mmoja hapa anataka kusimama aseme: "Maneno yenu ni matamu, lakini wauaji wenyewe wanajiita Waislamu." Ni haki yake kusema hivyo, nasi hatutamjibu kwa kumficha kitu. Ni kweli. Kundi la ADF lilitoka Uganda, likakaa upande wetu wa milima ya Ruwenzori tangu miaka ya 1990. Tangu Oktoba 2014 mauaji ya watu wengi yameanza kuhesabiwa kijiji kwa kijiji katika Beni. Tangu mwaka 2019 wale wanaojiita Dola la Kiislamu wamekuwa wakijisifu kwa mashambulio ya kundi hilo. Tarehe 15 Januari 2023, Jumapili ya ubatizo, bomu liliua watu zaidi ya kumi katika kanisa la Kipentekoste huko Kasindi. Katika Julai 2025, usiku, watu zaidi ya 40 waliuawa huko Komanda, Ituri, wengi wao wakiwa katika mkesha wa sala kwenye kanisa Katoliki. Na Septemba 2025, huko Ntoyo, upande wa Manguredjipa ambako wengi wenu mna mashimo, watu zaidi ya 60 waliuawa wakiwa katika matanga. Hatufichi hata kimoja. Asiyelia kwa ajili ya hao si mwenzetu.

Lakini tuulize maswali matatu.

Swali la kwanza. Kama wauaji wale ni wa Waislamu, mbona waliwaua masheikh? Mtu hamchinji mlinzi wa nyumba yake. Humchinja mlinzi wa nyumba anayotaka kuiingia. Sheikh Ali Amini alikuwa mlinzi aliyesimama mlangoni mwa vijana wa Kiislamu, na alipouawa, si Waislamu peke yao waliopoteza mlinzi. Na sisi pia tulipoteza.

Swali la pili. Je, ni kundi hilo peke yake lililomwaga damu yetu? Wachunguzi wa Umoja wa Mataifa wameandika kwamba katika mauaji ya Beni walikuwamo na wengine, watu wenye silaha wa kila namna. Hata jenerali mmoja wa jeshi letu wenyewe aliwekewa vikwazo na Baraza la Usalama mnamo Februari 2018. Basi atakayetwambia kwamba msiba wote huu ni wa dini moja anatufunga macho, na mwenye macho yaliyofungwa hawezi kumwona mwizi wake.

Swali la tatu. Mwenye kutega bomu kanisani anataka nini? Bomu la Butsili halikuangusha kanisa. Bomu kama lile haliwezi kuuangamiza Ukristo wa Beni, na yeye alijua hivyo. Alichotaka ni kile kitakachofuata baada ya moshi: Mkristo amshike Mwislamu shati barabarani, duka livunjwe, mtoto azomewe shuleni kwa sababu ya jina lake, kijana wa Kiislamu akose kazi shimoni. Kijana huyo akishakataliwa kila mahali, yule mtu wa porini atamwambia: "Si nilikwambia? Kwao huna ndugu. Njoo kwetu." Hivyo sisi tungekuwa tumemwandikia adui askari wapya, bila mshahara, kwa mikono yetu wenyewe.

Ndugu zetu, hayo si maneno ya kuogopesha watoto. Mkono wa watu wengi ukishatoka hauchagui. Mwishoni mwa Oktoba 2014, katika Beni, kundi la watu lilimshika kijana mmoja aliyekuwa msafiri. Walimshuku kwa kuwa hakuweza kusema Kiswahili. Walimpiga mawe mpaka akafa, kisha wakamchoma moto. Hakuna hakimu aliyemsikiliza. Waliofanya vile walikuwa na uchungu wa kweli, maana walikuwa wamezika watu wao katika majuma yale. Lakini je, mauaji yalikoma? Hayakukoma. Kijana yule alikufa, na wauaji porini hawakupungukiwa hata na risasi moja.

Na hapa Mabalako hatuna haja ya kufundishwa na mtu juu ya uvumi. Tarehe 1 Agosti 2018 serikali ilitangaza kwamba Ebola iko kwetu, na Mangina ndipo palipotajwa kwanza. Mpaka tarehe 25 Juni 2020, ugonjwa ule ulikuwa umechukua watu zaidi ya 2,200 katika Kivu ya Kaskazini na Ituri. Mnakumbuka yaliyosemwa. Wengine walisema ugonjwa haupo, ni biashara ya wakubwa. Wengine walisema waganga ndio wanaoua. Katika Februari 2019 vituo vya matibabu vya Katwa na Butembo vilishambuliwa na kuchomwa moto. Kwa uvumi, wagonjwa walifichwa majumbani, wakawaambukiza mama zao. Mliuona uvumi ukiua kama ugonjwa wenyewe. Basi uvumi usemao kwamba jirani yako ni muuaji kwa kuwa ana kofia na tasbihi ni ndugu wa uvumi ule. Msiupokee nyumbani mwenu mara ya pili.

Tena litazameni jambo hili, maana ni jepesi kulisahau. Lugha hii tunayosema nanyi sasa, ambayo Mnande, Mmbuba, Mlendu na mgeni wa Kisangani husikilizana kwayo sokoni, ilifikaje bara? Ilikuja na misafara ya wafanyabiashara wa pwani, Waislamu. Misafara ile ilileta na mabaya, hata utumwa, na hatuyafichi. Lakini lugha ilibaki, ikawa yetu. Tunaposali kanisani kwa Kiswahili, maneno tunayoyatumia ni sala, imani, dhambi, roho, malaika, sadaka, baraka. Yote haya yalipita katika vinywa vya Waislamu kabla ya kufika katika vinywa vyetu. Mama Mkristo wa Butembo anapopiga magoti akaomba asamehewe dhambi zake, anamwomba Mungu kwa maneno aliyoazimwa na jirani. Je, mtu huazima chungu kwa jirani, akapika, akashiba, kisha akamfukuza jirani yule?

Wazee wenu watawaeleza pia jinsi mambo yalivyokuwa wakati wa Wabelgiji. Shule zilikuwa mikononi mwa misheni, na mtoto wa Mwislamu alipata shida kuingia shuleni na kubaki na dini ya baba yake. Serikali ile iliwaangalia Waislamu wa Kasongo na Kisangani kwa jicho la wasiwasi. Kwa nini? Kwa sababu mtawala hupenda watu waliogawanyika. Akiwakuta wamoja, anatafuta ufa, asipouona, anautengeneza. Uhuru wa tarehe 30 Juni 1960 haukudaiwa na Wakristo peke yao. Waislamu nao waliudai, wakapiga kura, wakafungwa. Haitafaa leo tuuchimbe wenyewe ufa ambao mgeni aliuacha.

Wako watu waliotutangulia katika njia hii, na hawako mbali. Tarehe 21 Disemba 2015, kaskazini mwa Kenya, basi moja lilikuwa likienda Mandera. Watu wenye bunduki wakalisimamisha njiani. Wakawaamuru Waislamu wajitenge na Wakristo, na kila mtu ndani ya basi alijua maana ya amri ile. Waislamu walikataa. Kina mama wa Kiislamu waliwapa Wakristo ushungi wajifunike, wasitambulike. Wakawaambia wenye bunduki: ueni wote au tuacheni wote. Mwalimu mmoja Mwislamu, jina lake Salah Farah, alipigwa risasi kwa kukataa kule, na katika Januari 2016 akafa hospitalini. Serikali ya Kenya ilimpa nishani baada ya kufa kwake. Mwislamu yule alikufa ili Wakristo asiowajua wafike kwao salama. Sisi hatujaombwa kufa. Tumeombwa tu tusimfukuze jirani tunayemjua.

Na ninyi wachimbaji, jambo hili mnalifanya kila siku bila kufundishwa. Shimo linapoporomoka, na mwenzenu amefukiwa chini, mnapokimbia na sururu na beleshi, je, mnauliza kwanza yule aliye chini husali Ijumaa au Jumapili? Mnachimba tu. Mnachimba kwa kucha zenu mpaka mmpate. Basi nchi yetu ya Beni imeporomoka, watu wamefukiwa, Wakristo na Waislamu pamoja. Twaomba mfanye juu ya nchi kama mnavyofanya chini yake.

Sasa tuseme mambo ya kutenda, maana hotuba isiyo na kazi ndani yake ni upepo.

La kwanza: mtu asipeleke neno la kumshitaki mwenzake kama hakuona kwa macho yake. Ukisikia "wamesema," uliza "nani amesema, na ameona nini?" Ukikosa jibu, lizike neno hilo pale pale.

La pili: ukimshuku mtu kwa sababu ya tendo lake, na si kwa sababu ya kofia yake wala jina lake, mpeleke kwa sheria, tena mbele ya mashahidi. Kundi la watu likianza kukusanya mawe, wewe Mkristo simama katikati. Anza kwa kuwaita kwa majina walio mbele, maana mtu akiitwa kwa jina lake hukumbuka kwamba ana mama.

La tatu: ninyi mnaoitwa PDG wa mashimo, msimwondoe mfanyakazi kwa ajili ya dini yake. Na ninyi mama wa soko, pesa ya Mwislamu ina thamani ile ile, na mchele wake hauna sumu.

La nne: walimu na wazazi, sikilizeni watoto wanaitana kwa majina gani. Mtoto hatungi tusi la namna hii. Hulileta kutoka mezani kwenu.

La tano: msiba ukiwapata Waislamu, twende. Tusisubiri barua. Tukae matangani, tubebe maji, tusaidie kuchimba kaburi. Na msiba ukitupata sisi, tuwafungulie nao mlango waje, wala tusiwaangalie kama watu waliokuja kupeleleza. Nyumba iliyolia na jirani yake haivunjwi na mgeni kwa urahisi.

Ninyi ndugu zetu Waislamu mlio hapa, na twafurahi kuwaona, hatuwadai kuomba radhi kwa jambo ambalo hamkulitenda. Anayedai radhi kwa asiye na kosa anamwonea. Twawaomba jambo lile lile tunalowaomba wenzetu: tuwalinde vijana wetu pamoja. Mtu mgeni akija usiku na pesa na maneno ya kumtoa kijana nyumbani, tuambiane. Nanyi mkiogopa kulisema peke yenu kama alivyolisema Sheikh Ali Amini peke yake, semeni nasi tukiwa tumesimama upande wenu, ili muuaji asijue ni nani wa kumlenga.

Hatuwezi kuwaahidi kwamba hakuna bomu jingine. Mwenye kuahidi hivyo anawadanganya. Lakini kuna jambo moja lililo mikononi mwetu, wala haliko mikononi mwa mtu wa porini, nalo ni yale tutakayofanya asubuhi inayofuata. Akitega bomu kanisani, na asubuhi yake akatukuta Mkristo na Mwislamu tunawaosha majeruhi pamoja, bomu lake limekwisha kazi. Akitukuta tunashikana mashati, ndipo bomu lake linaanza.

Leo, mkirudi nyumbani, kila mmoja apite kwa jirani yake asiyesali naye. Amsalimu, akae kidogo, aulize habari za watoto. Hiyo ndiyo kazi ya leo. Ya kesho tutaiona kesho.

Umoja ni nguvu, na utengano ni udhaifu.